Pirueti zimenipotea tangu nihamie studio mpya: ni mimi au ni sakafu?

Msomaji ameandika: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24 na nacheza baleti tangu nikiwa na miaka 9. Miezi mitatu iliyopita nilihama studio. Ile ya zamani ilikuwa na sakafu ya mbao, kongwe, inanesa na inateleza kidogo, na sote tulikuwa tunapaka rozini chini ya viatu ili tusiteleze. Hii mpya imetandikwa plastiki nyeusi, inapendeza kwa macho. Tangu nije hapa pirueti zangu za mizunguko miwili zimekuwa moja na nusu, goti la kulia linauma kwa ndani, na asubuhi nikishuka ngazi magoko yanauma. Rozini bado napaka kama nilivyozoea. Mwalimu anasema nitazoea. Jumamosi bado ninarudi studio ya zamani, na mwezi ujao tuna onyesho kwenye jukwaa la kizamani lenye mteremko. Tatizo ni mimi au ni sakafu?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Magoko ni kazi ya sakafu. Goti ni kazi ya sakafu na wewe mkisaidiana. Pirueti zako, yaani hiyo mizunguko ya juu ya mguu mmoja, hazijaenda popote, ila unazianza kwa nguvu iliyopimwa kwa sakafu uliyoiacha.

Mwalimu wako amesema utazoea. Kuna jambo utalizoea kweli, na kuna jambo ambalo hupaswi kulizoea hata kidogo, na yote mawili tunayaita kwa jina moja la sakafu. Tuyatenganishe. La kwanza ni kunesa, yaani jinsi sakafu inavyobonyea na kurudi unapoiangukia. La pili ni mshiko, yaani jinsi inavyokikamata kiatu kinapozunguka au kinapoburuzwa. Kunesa kunatoka chini, kwenye mihimili, vipande vya sponji na tabaka za mbao ambazo huzioni. Mshiko unatoka juu, kwenye kile unachokikanyaga, pamoja na vumbi, jasho na unyevunyevu wa siku hiyo. Sakafu inaweza kunesa vizuri na bado ikateleza kama sabuni. Inaweza pia kushika vizuri kabisa huku chini yake ni zege tupu. Kwa dalili ulizonipa, ya kwako mpya naishuku kuwa ya aina hii ya pili.

Usinitegemee mimi, ipime mwenyewe. Fika mapema kabla ya darasa, vua viatu, simama katikati ya ukumbi, inua kisigino kidogo na ukiangushe. Sakafu yenye uwazi chini hujibu kwa sauti nene na unaisikia ikitembea. Zege hujibu kwa sauti fupi iliyokufa palepale, kama umegonga ukuta. Kisha mwombe mwenzako aruke mara moja hatua moja kutoka ulipo, nawe ufumbe macho. Kama nyayo zako hazikupata habari yoyote kwamba mtu ameruka hapo jirani, hakuna kinachonesa. Halafu tembea peku ukumbi mzima, hasa pembeni na kwenye maungio ya plastiki. Sakafu nyingi za mbao zina sehemu ngumu pale mhimili unapopita na sehemu laini kati ya mhimili na mhimili, na mguu unaotegemea laini ukakuta ngumu ndio unaoumia. Kila mchezaji anapaswa kujua sehemu hizo za ukumbi wake kama anavyojua ngazi za nyumbani kwao gizani.

Neno kidogo kuhusu hiyo plastiki. Wachezaji wengi duniani wanaiita Marley, jina la kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza mazulia ya namna hiyo zamani. Kampuni iliacha kuyatengeneza, jina likabaki, na leo linatumika kwa vinaili yoyote ya kuchezea. Ni kitu kizuri: mshiko wake ni ule ule kuanzia kona hii hadi ile, haina vibanzi, husafishika. Ila ni tabaka la milimita chache tu. Ukiitandika juu ya sakafu inayonesa, una sakafu nzuri sana. Ukiitandika juu ya zege, una zege lililovaa nguo nyeusi, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika kwa sababu picha za studio zote mbili zinafanana.

Sasa magoko. Ukiruka sentimita 30 juu, unarudi chini na lazima usimamishwe. Ukisimama kwa kushuka taratibu sentimita 30 za plie, yaani kukunja magoti, miguu yako inabeba kwa wastani mara mbili ya uzito wako. Ukisimama ndani ya sentimita 10 tu, ni mara nne. Ndiyo maana walimu hatuchoki kudai plie, na ndiyo maana mtu anayetua kimya huwa anadumu. Lakini hesabu hiyo ni ya wastani. Kuna pigo la kwanza kabisa, wayo unapogusa chini, linalokuja na kupita kabla misuli haijawahi kupokea taarifa na kujibu. Pigo hilo plie hailiwahi, kwa sababu plie ndiyo kwanza inaanza. Linapunguzwa na mambo mawili tu: sakafu inayobonyea, na mguu uliokwisha kujiandaa ukiwa bado hewani.

Hilo la kujiandaa hewani ndilo ninalotaka ulishike, maana kuzoea kote kumelala hapo. Mwaka 1999 watafiti Daniel Ferris, Kailine Liang na Claire Farley walichapisha kazi yao kuhusu wakimbiaji waliotoka kwenye njia laini kwenda ngumu. Wakimbiaji hao walibadili ukakamavu wa mguu katika hatua ya kwanza kabisa kwenye sakafu mpya. Mguu ulilegea kidogo kwa ajili ya njia ngumu, bila kungoja hatua ya pili wala ya tatu. Mwili unajua kazi hii vizuri kuliko tunavyoudhani. Lakini hauwezi kuifanya kwa sakafu usiyoijua. Ukiingia darasani umechelewa, ukashika upau wa mazoezi, ukaenda katikati na kuanza kuruka bila kuwahi kuisikiliza sakafu, mguu wako unatua kwa kumbukumbu ya sakafu ya jana. Kwa miezi mitatu, nadhani, umekuwa ukitua juu ya mbao ambazo hazipo.

Kwa hiyo ongeza dakika kumi kabla ya darasa. Anza peku: panda kwenye ncha za vidole na kushuka polepole, mara kumi na mbili hivi, ukisikia jinsi kisigino kinavyofika. Kisha miruko midogo ya miguu miwili, chini kabisa, ambayo karatasi tu ingepita chini ya vidole. Sikiliza sauti. Rudia mpaka sauti ipungue yenyewe. Baada ya hapo ndipo uvae viatu na urudie. Utaona kwamba kwenye sakafu ngumu unahitaji kuanza kukunja kifundo na goti mapema zaidi na kwenda chini zaidi, na kisigino lazima kifike chini kila mara. Anayeogopa pigo hubaki ameinua visigino, na vigimbi na magoko hulipa deni lote.

Halafu kuna lile jambo ambalo hupaswi kulizoea. Darasa la saa moja na nusu linaweza kupita miruko 200, mingi ikiwa ya kutua kwa mguu mmoja. Hakuna ufundi unaoigeuza miruko 200 juu ya zege, siku nne kwa wiki, kuwa kitu salama. Mfupa hujijenga kwa kupigwa kisha kupumzishwa, na ukipigwa kuliko unavyoweza kujijenga huanza kupata ufa mwembamba. Kwa wiki mbili au tatu zijazo punguza miruko nusu, na ile mikubwa ya kuvuka ukumbi uiweke kwa Jumamosi kwenye mbao. Zungumza na mwalimu wako kwa heshima, lakini zungumza. Uliza kama kuna mihimili au vibao vya kunesa chini ya plastiki. Kama hakuna, vipo vibao vya kuunganisha vinavyowekwa juu ya zege na plastiki ikatandikwa juu yake, na studio inayotaka wanafunzi wadumu inapaswa kuvifikiria kabla ya vioo vipya.

Bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole kuanzia juu hadi chini. Maumivu yaliyotapakaa urefu wa kiganja, yanayopungua mwili ukipata joto, ni onyo la kupunguza kazi. Maumivu ya sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole, yanayokuamsha usiku au yanayokuchoma ukirukaruka kwa mguu mmoja, ni ya daktari, na usicheze mpaka akuone.

Goti sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wachezaji wengi huumia kwa njia hii bila kujua, na walimu wengi hatuioni.

Mgeuko wa miguu kwenda nje unatakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga ya kila mtu ina kikomo chake, na wengi wetu kikomo hicho hakifiki mstari mnyoofu tunaoutamani. Kwenye mbao zinazoteleza huwezi kudanganya. Ukikunja magoti, ukasukuma nyayo zifunguke kuliko nyonga, kisha ukanyoosha magoti, nyayo huteleza na kurudi pale nyonga inapoziruhusu. Ile sakafu kongwe uliyoikimbia ilikuwa ikikusahihisha kila siku bila kusema neno. Hii mpya inashika. Unakunja, unafungua nyayo, unanyoosha, na plastiki inazikamata palepale ulipoziweka. Kwenye kioo unaona nafasi ya kwanza, ile ya visigino kugusana na vidole kutazama nje, ambayo hujawahi kuwa nayo. Lakini tofauti kati ya nyayo na nyonga lazima iende mahali, na inakwenda kwenye goti, upande wa ndani, hapohapo unaponiambia panauma.

Jipime hivi leo. Chukua karatasi mbili laini, ziweke juu ya sakafu inayoteleza, simama juu yake umevaa soksi, mguu mmoja kwa kila karatasi. Simama nafasi ya kwanza kama unavyosimama darasani, kisha nyoosha magoti kabisa na uache nyayo ziende zinakotaka. Zikirudi ndani, pale zilipokomea ndipo mgeuko wako wa kweli ulipo. Inaweza kukuhuzunisha. Mimi nilihuzunika. Lakini ukifanya kazi hapo, kwa misuli ya nyonga inayoshika kazi yenyewe badala ya kushikiwa na plastiki, goti hutulia, na mgeuko wa kweli huongezeka polepole.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya goti. Nusu ya pili ni rozini.

Rozini ni utomvu wa msonobari uliokaushwa, na kwenye mbao zinazoteleza ni msaada wa haki. Kwenye vinaili ni kitu kingine. Inajibandika kwa mabaka, sehemu hii inanata, sehemu ile inateleza, na yale mabaka yakikusanya vumbi hugeuka kuwa utelezi. Studio nyingi zenye vinaili zinaikataza kwa sababu hiyo. Kwako ubaya ni mkubwa zaidi, kwani umechukua sakafu inayoshika tayari ukaiongezea gundi. Unapoanza pirueti, paja linazunguka mara moja, wayo unachelewa kwa sababu umeshikwa, na kilicho katikati yao ni goti.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye maumivu kama yako. Nilimwomba avue kiatu nikakigeuza. Chini ya vidole kulikuwa na duara la rangi ya asali lililong'aa, gumu, nene kama ukoko wa sufuria. Nilipoligusa kidole kilinata. Aliapa kwamba hajapaka rozini wiki nzima, na alisema kweli. Ile aliyoipaka miezi ya nyuma ilikuwa bado imo kwenye ngozi, ikipata joto kila akicheza na kulainika upya. Tulilikwangua kwa upande butu wa kisu, kidogo kidogo, tukasugua soli kwa brashi ya waya mpaka ngozi ikarudi kuwa na manyoya. Siku hiyo hiyo alizunguka mara mbili, akashangaa, akaanguka kwa kuwa alitumia nguvu nyingi mno.

Fanya hivyo kwa viatu vyako. Bora zaidi, viwe jozi mbili: moja ya mbao, yenye rozini yake, isiyovuka mlango wa studio mpya, na moja safi ya plastiki. Usilowanishe soli kabla ya kukanyaga vinaili. Maji kidogo kwenye soli ya ngozi husaidia juu ya mbao, lakini tone juu ya plastiki laini ni ajali inayosubiri mtu. Vinaili pia hubadilika na hewa. Siku ya unyevunyevu na jasho hushika zaidi, na siku kavu yenye vumbi huteleza, kwa hiyo kipimo cha jana si cha leo. (Watu wa jukwaani wana hila zao. Majukwaa mengi yaliyoteleza yamepigwa deki kwa soda iliyochanganywa na maji, sukari ikabaki na kutoa mshiko. Msaada wa usiku mmoja huo, si wa studio.) Kama unavaa viatu vya pwenti, vile vya kusimamia ncha za vidole, satini ya ncha huteleza ikiwa mpya. Wengi huikata satini ya kile kiduara cha kusimamia au hushona nyuzi kukizunguka. Chagua njia moja na uitumie pia mazoezini, si siku ya onyesho tu.

Sasa tuzirudishe pirueti. Kwenye sakafu ya kuteleza ulizoea kujisukuma kidogo, mzunguko ukajiendea. Kwenye sakafu inayoshika unasukuma kile kile, msuguano unakula sehemu yake, unafika moja na nusu. Mtu akiona hivyo huongeza nguvu ya mabega na mikono, na hapo mhimili wa mwili unapinda. Usiongeze nguvu ya juu. Panda haraka na panda juu kabisa: eneo dogo la wayo linalogusa chini lina msokoto mdogo wa kushindana nao kuliko wayo wa mbele uliolala nusu. Kisigino kikiwa nusu njia huku umeshaanza kuzunguka, unasaga sakafu kwa wayo mpana na goti ndilo linalokwama. Kwa wiki ya kwanza fanya robo mzunguko, usimame juu, uhesabu mbili, ushuke. Kisha nusu. Kisha mmoja mzima, ukimaliza ukiwa bado juu. Mizunguko miwili itakuja bila kuitwa. Goti likiuma katika robo mzunguko, acha siku hiyo. Likivimba au likikwama lisikunjuke, nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo.

Kuhusu kwenda na kurudi kati ya studio mbili, usiogope. Mchezaji anayejua sakafu mbili ni imara kuliko anayejua moja, mradi kila mara aamkie sakafu kabla ya kuidai. Jumamosi ukirudi kwenye mbao zinazonesa, utahisi miguu mizito na miruko inachelewa. Ni kwa sababu umekuja na mguu uliolegezwa kwa ajili ya ugumu, nao umekutana na ulaini. Viwili laini vikikutana nguvu hupotelea humo. Kaza kifundo kidogo, isubiri sakafu irudi, ndipo usukume. Miruko kumi ya chini inatosha kuukumbusha mwili.

Na mteremko. Majukwaa mengi ya kale ya Ulaya yamejengwa yakishuka kuelekea watazamaji, ili walioketi chini waone hadi nyuma. Lile la Palais Garnier mjini Paris linashuka kwa asilimia 5, yaani sentimita 5 kwa kila mita. Huwezi kuona ukubwa wake mpaka usimame juu yake. Ukiwaelekea watazamaji, visigino viko juu kidogo kuliko vidole, kama umevaa kiatu chenye kisigino kifupi, na mwili unavutwa mbele. Kosa la kwanza la kila mgeni ni kusimama wima kwa kuifuata sakafu. Simama wima kwa kuufuata uzito wako. Utahisi kama unaegemea nyuma, na mwenzako aliye pembeni atakuambia kwamba umenyooka. Mizunguko itakutambaza kuelekea mbele, kwa hiyo ianze hatua moja nyuma ya alama yako. Mruko wa kushuka utakwenda mbali kuliko ulivyopanga na kutua kwake ni kuzito. Wa kupanda nyuma utakuwa mfupi na utakuchosha vigimbi. Hatua za kwenda pembeni huku umewaelekea watazamaji hazibadiliki sana, lakini ukicheza ukiwa umewapa ubavu, mguu mmoja uko chini ya mwingine, na arabeski, yaani kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine umenyooshwa nyuma, juu ya mguu wa upande wa chini inahitaji nyonga iliyokazwa kweli.

Kama hakuna mteremko wa kufanyia mazoezi, tafuta ubao mpana ulio imara, uinue upande mmoja kwa kiasi hicho cha sentimita 5 kwa mita, usimame juu yake ukifanya plie, kupanda na kushuka, na arabeski tulivu. Usiruke wala kuzunguka juu yake. Siku ya onyesho omba nusu saa jukwaani kabla ya wengine, ukiwa na viatu utakavyovaa usiku huo, na uanze peku.